Mkuyu Juu ya Sakafu ya Nyanya

Picha iliingia kwenye grupu ya familia saa nne usiku. Aliyeipiga ni jirani wa nyuma, ambaye ghorofa yake inaitazama nyumba yetu kwa juu. Alimtumia binamu yangu na neno moja tu: "Mnauona?" Tulichotakiwa kuona ni mti. Si nyasi, si yale magugu ya msimu wa mvua yanayokufa yenyewe jua likirudi. Mti kamili, shina nene kama kifundo cha mkono, majani mapana yanang'aa, umesimama juu ya nyumba ya nyanya pale Kibokoni kana kwamba kuna mtu aliupanda.

Grupu ina watu 37. Kati yao 11 ni warithi wa nyumba hiyo, na tangu nyanya afariki hakuna hata mmoja aliyewahi kupanda juu. Mjomba aliye Dubai aliandika kwamba ni aibu. Mama mkubwa akatuma emoji ya mikono ya dua. Mwingine akauliza ni kazi ya nani kuangalia nyumba, na hapo grupu ikanyamaza kidogo, maana swali hilo lina jibu na jibu lenyewe ni kila mtu. Halafu mmoja akanikumbuka. "Si yupo yule aliyeacha chuo? Si yuko Mombasa na hana kazi?"

Sawa. Niliacha chuo mwaka wa tatu, karo ilipogoma. Kazi ninayo, ila ni kazi ya kuandika vitu vya watu kwa laptopu, na kwa familia yetu kitu unachofanya umekaa hakiitwi kazi. Asubuhi mamangu akapiga simu: "Mwanangu, nenda ukaung'oe huo mti, watu waache kusema."

Nilienda nikidhani ni shughuli ya nusu saa. Imenichukua zaidi ya miezi miwili, na imenifundisha historia ya mji wangu kuliko ile mihula niliyolipia.

*

Nyumba yetu ina mapaa mawili. Upande wa mbele, unaotazama barabara, umeezekwa mabati ya mteremko. Upande wa nyuma ni wa kale zaidi, na juu yake ni bapa, sehemu ya kuanikia nguo na kulala usiku wa joto. Utotoni tulikuwa tunapanda kule kurusha tiara. Mti ulikuwa umeota upande huo wa bapa, kwenye kona, pale mlizamu unapotoa maji ya mvua nje ya ukuta.

Nilishika shina kwa mikono miwili, nikakanyaga ukingo, nikavuta. Mti haukutikisika. Lakini nilisikia kitu kikisogea chini ya miguu yangu, sauti nzito, kama mtu amesukuma kabati chumba cha chini. Nikaachia. Chini kweli, chumbani, vumbi jeupe lilikuwa limeanguka juu ya kitanda.

Vijana wa barazani wakaniambia nimtafute mzee mmoja, mwashi wa zamani, anayekaa nyuma ya msikiti. Nilimkuta anakunywa kahawa. Nikamwamkia, nikamweleza.

"Ulivuta?" akauliza.

"Nilivuta kidogo tu, mzee."

"Alhamdulillahi huna nguvu," akasema, akamaliza kahawa yake.

*

Tulipopanda naye hakuutazama mti kwanza. Alitazama mlizamu. Ulikuwa umeziba kwa majani, manyoya ya njiwa na mfuko wa plastiki. Akaingiza kidole, akanionyesha tope jeusi. "Hapa ndipo ulipozaliwa," akasema.

Mti huo ni wa jamii ya mkuyu, na mtaani wanauita mkuyu tu. Mikuyu mingi ya mwitu haina haja ya udongo wa shamba. Ndege au popo anakula tunda, anatua juu ya nyumba, anaacha kinyesi chenye mbegu. Mbegu ikipata ufa wenye unyevu, inatosha. Mizizi yake ni myembamba kama uzi mwanzoni, inaingia penye nafasi ya uzi, halafu inanenepa humo humo. Mwarobaini nao hufanya hivyo, hata mpapai nimeuona juu ya nyumba moja Ndia Kuu. Lakini mkuyu ndio mbaya kuliko yote kwa sababu mizizi yake haishuki tu. Inaungana, inakumbatia jiwe, na baada ya miaka huwezi kusema ukuta unaishia wapi na mti unaanzia wapi.

Ndiyo maana haung'olewi. Ukiung'oa, unang'oa na ukuta. Mzee alinipa utaratibu, nami nauandika hapa kwa sababu nimeona watu wakifanya kinyume chake karibu kila mtaa.

Kwanza kata shina karibu na ukuta kwa msumeno, si panga, ili usipige nyumba. Palepale, kabla utomvu haujakauka, paka jeraha dawa ya kuua magugu kwa brashi, ile ya duka la kilimo inayofyonzwa hadi mizizini. Ukichelewa, jeraha linafunga na dawa haiingii. Kisha ngoja. Mizizi ikifa inanyauka na kulegea, na baada ya wiki nyingi unaweza kuitoa vipande vipande bila kupigana na jiwe. Mwisho ndio unaziba, na unaziba kwa chokaa.

Mjomba mmoja alikuwa ameshauri kwenye grupu tumwage chumvi na oili chafu ya gari. Nikamwambia mzee. Alicheka hadi akashika kiuno. Chumvi haiui mti peke yake, inaingia ukutani, na kila mvua na kila jua inanyonya unyevu na kuutoa, ikipasua plasta kidogo kidogo. "Huyo mjomba wako," akasema, "anataka kuua mgonjwa ili apone kikohozi."

*

Ili nielewe kwa nini chokaa na si saruji, ilibidi nielewe nimesimama juu ya nini.

Leo ukisema sakafu, mtu anatazama chini. Kwa mafundi wa kale wa pwani, sakafu ilikuwa ni kile kilichotandazwa kwa chokaa na mawe kikapigwa mpaka kikashikana, kiwe chini ya miguu au juu ya kichwa. Nyumba bapa ilikuwa na sakafu chini, sakafu katikati, na sakafu juu kabisa, ambayo ndiyo paa lake.

Chini ya sakafu hiyo kuna boriti za mikoko, zimelala kutoka ukuta hadi ukuta. Boriti haiwezi kubeba mzigo mzito ikiwa ndefu sana, na ndiyo sababu vyumba vya nyumba za kale za Waswahili, kuanzia Lamu hadi Kilwa, ni virefu na vyembamba, upana wa takriban mita 3 au pungufu. Mti wa baharini ndio ulioamua upana wa chumba cha kulala cha nyanyangu. Boriti hizo hizo zilisafirishwa kwa majahazi kwenda Uarabuni na Ghuba kwa karne nyingi, mpaka Kenya ilipopiga marufuku kuziuza nje mwaka 1982.

Juu ya boriti yanapangwa mawe bapa ya matumbawe. Juu ya mawe, kokoto na chokaa. Chokaa yenyewe ni matumbawe yaliyochomwa. Unapanga magogo, unalundika mawe ya bahari juu yake, unawasha tanuu, na jiwe linageuka unga unaochemka ukitiwa maji. Ukiutandaza, unavuta hewa polepole na kurudi kuwa jiwe. Kwa hiyo sakafu ya chokaa ni jiwe la bahari lililofunguliwa na kufungwa upya. Ni laini kuliko saruji, inapumua, inaingiza unyevu na kuutoa, na nyumba ikijinyoosha au kujikunja kwa joto inafuatana nayo.

Saruji haifuatani na mtu. Kiwanda cha Bamburi kilianza kutoa saruji miaka ya 1950, hapo hapo kaskazini mwa mji, na kuanzia hapo kila ufa wa Mji wa Kale ulipata kibandiko cha kijivu. Saruji ni ngumu na haipitishi unyevu, kwa hiyo maji yaliyomo ukutani yanakosa njia na kukaa nyuma yake. Halafu kibandiko kinaachana na chokaa kwenye mpaka wao, ufa mwembamba unabaki, na ufa wenye maji ndio nyumba anayoitafuta mkuyu. Kwenye kona yetu kulikuwa na kibandiko kama hicho. Mzizi mkubwa ulikuwa umefuata ukingo wake kama mtu anayefuata ukuta gizani.

*

Lakini chokaa ina sharti moja. Haikai yenyewe. Lazima ipigiliwe.

Leo tunapigilia misumari. Zamani neno hilo lilibeba kazi kubwa zaidi. Wageni waliofika Unguja karne ya 19, wamisionari na wasafiri, waliiandika kazi hii wakiishangaa: chokaa na kokoto zikishatandazwa juu ya nyumba, kundi la watu, wengi wao wanawake, lilipanda na vijiti vya kupigia, likapiga kwa siku kadhaa mfululizo, wote kwa mwendo mmoja, na nyimbo ndizo zilizoshika mwendo huo. Kupiga kulifukuza hewa, kukabana mawe, kukaleta maji ya chokaa juu mpaka uso ukawa laini na maji ya mvua yakateleza. Sakafu iliyopigiliwa vizuri haikuwa na ufa. Isiyo na ufa haikuwa na mti.

Na haikuwa kazi ya mara moja. Chokaa inachoka. Kila baada ya misimu fulani ilitakiwa kuzibwa, kupakwa, kufagiliwa, milizamu kuzibuliwa. Nyumba ya mawe tunayoipiga picha kama fahari ya ustaarabu wetu ilikuwa kitu kinachodai mikono kila mwaka, mikono mingi, na mikono hiyo isidai mshahara.

Sasa fikiria ni mikono ya nani.

Vitabu vya shule vinatupa tarehe. Mwaka 1873 Sultan Barghash alitia saini mkataba wa kufunga masoko ya watumwa na kuzuia biashara hiyo baharini. Mwaka 1897 hadhi ya kisheria ya utumwa ilifutwa Unguja na Pemba. Huku kwetu, kwenye ukanda wa pwani wa Kenya, ilifutwa mwaka 1907, na serikali ya kikoloni ikawalipa fidia mabwana walioweza kuthibitisha hasara. Waliokuwa watumwa hawakulipwa kitu. Reli nayo ilikuwa imeanza Mombasa mwaka 1896, bandari ikaanza kutaka vibarua, na mtu aliyekuwa akipigilia sakafu ya bwana kwa chakula sasa angeweza kubeba mzigo kwa ujira.

Kwa macho ya mwashi, tarehe hizo zina maana nyingine. Ni miaka ambayo watu waliacha kupanda juu. Wenye nyumba wengi walipoteza mashamba na watu wa kuyalima, mali ikapungua, sakafu ikabaki bila wapigiliaji. Mabati yalipopatikana kwa wingi, yakawa jibu. Bati halihitaji kundi la wanawake 30 na siku tatu za nyimbo. Fundi mmoja, msumari, basi. Niliposimama juu ya nyumba yetu na kutazama upande wa mbele wenye mabati na wa nyuma wenye sakafu, nilikuwa natazama pande mbili za mwaka 1907.

*

Katikati ya kungoja mizizi ife, nilipanda matatu hadi Gede. Nilitaka kuona mwisho wa hadithi, yaani nyumba ambayo hakuna aliyerudi kuizibua mlizamu.

Gede iko kusini mwa Malindi, karibu na Watamu. Ulikuwa mji wa Waswahili wenye msikiti mkuu, kasri, visima, vyoo vya ndani na vyombo vya kauri kutoka China. Kaburi moja pale lina mwaka wa 802 wa Hijria, sawa na 1399. Mwanzoni mwa karne ya 17 mji ulikuwa umehamwa. Msitu ukaingia. Mwaka 1927 serikali ya kikoloni iliutangaza kuwa mahali pa kihistoria, na mwaka 1948 James Kirkman, mwanaakiolojia Mwingereza, akaanza kuufukua kwa takriban miaka 10 kabla ya kuhamia Fort Jesus. Mwaka 2024 UNESCO ikauingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia.

Watu huenda Gede kuona kuta. Mimi nilienda kutazama juu, na juu hakuna kitu. Mapaa ndiyo yaliyotangulia kuanguka. Ukishaelewa sakafu inavyojengwa, unaelewa kwa nini: maji yanaingia, boriti inaoza kwenye ncha zake pale inapolala ndani ya ukuta, na mzigo wote wa mawe na chokaa unashuka kwa siku moja. Kuta zinabaki wazi kwa mvua na kwa ndege. Halafu miti.

Kuna sehemu pale mizizi imeshuka juu ya ukuta kama nta iliyoyeyuka. Nilikaa muda mrefu mbele ya mmoja. Mti huo na ukuta huo wamekaa pamoja muda mrefu hivi kwamba ukiuondoa mti leo, ukuta utauliza nani anaushika. Wahifadhi wanalijua hilo. Kwenye magofu, mti mwingine unakatwa na mwingine unaachwa, kwa kuwa ni nguzo sasa.

Mwongozo mmoja alikuwa anawaambia wanafunzi kwamba hakuna anayejua kwa hakika kilichoumaliza mji: labda vita, labda visima kukauka, labda Waoromo, labda Wareno kuhamisha biashara Mombasa. Mtoto mmoja akauliza, "Na waliokuwa wanafagia walienda wapi?" Wenzake wakamcheka. Mimi sikucheka. Nilitamani ningekuwa nimeuliza swali hilo mimi, na chuoni, mapema.

*

Bibi mdogo ni dada wa mwisho wa nyanya, ndiye pekee anayeishi kwenye nyumba bado. Anakaa chumba cha chini, kile kilichoangukiwa na vumbi. Macho yamepungua lakini masikio hayajapungua hata kidogo.

Katikati ya Machi, kabla ya masika, mzee alikuja akagusa kisiki na kusema kimekufa. Tulitoa mizizi siku mbili. Mmoja ulikuwa mrefu kuliko mimi, bapa kama mkanda, umechukua umbo la kila jiwe ulilopitia. Tulichokonoa saruji ya kale, tukasafisha tundu, tukalinyunyizia maji. Mzee alikuwa ameroweka chokaa kwenye pipa tangu Januari. Chokaa ikikaa ndani ya maji muda mrefu, alisema, inakuwa na adabu. Tukajaza tabaka kwa tabaka, kokoto na chokaa, kisha akanipa kipande cha mbao chenye mpini.

"Pigilia," akasema, akaenda kuswali.

Nilipiga. Baada ya dakika 20 mkono ulikuwa unawaka. Nilikuwa napiga haraka, kwa hasira, nikifikiria warithi 11 na jua la kaskazi. Ndipo nikasikia sauti kutoka chini, ikipita kwenye tundu la ngazi.

"Wee! Nani huyo anapiga kama anaua nyoka?"

"Ni mimi, bibi."

"Polepole. Piga kwa pamoja."

"Niko peke yangu, bibi."

Kimya kidogo. Halafu akaanza kugonga fimbo yake kwenye sakafu ya chini. Ta, ta, ta-ta. Hakuimba, aligonga tu, na mkono wangu ukafuata bila kuuamuru. Tulikwenda hivyo mpaka adhana ya alasiri.

Niliposhuka kunywa maji nikamuuliza amejifunzia wapi. Akaniambia kwa nyanya yake. Nikauliza nyanya yake alijulia wapi mambo ya sakafu, maana katika hadithi ya familia yetu sisi ni wenye nyumba, na wenye nyumba hawakupigilia.

Bibi mdogo alirekebisha leso yake. "Hiyo ni hadithi ya wanaume," akasema. "Nyanya yangu aliletwa kwenye nyumba hii mdogo, hajavunja ungo. Alipanda hapo juu na wenzake kila mwaka. Serikali iliposema basi, wenzake wakaenda, yeye akabaki. Alikuwa hana pa kwenda. Mtoto wa nyumba akamuoa."

"Alitoka wapi?"

"Walisema Mnyasa. Lakini kila aliyetoka bara mbali aliitwa Mnyasa. Yeye mwenyewe alikumbuka mto tu."

"Na jina la babake?"

"Hakuwa nalo. Aliitwa binti Abdallah." Akanitazama kwa macho yake yasiyoona vizuri. Sikuhitaji kuelezwa. Abdallah maana yake ni mtumwa wa Mungu, na ukiwa huna baba anayejulikana, huyo ndiye baba unayepewa.

Kwa hiyo mimi ni mzao wa aliyejenga na wa aliyepigilia. Mmoja tunamtaja kwenye kila kikao cha mirathi. Mwingine alishikilia paa hilo kwa mikono yake na hatumtaji hata kwenye dua.

*

Tulifunika kiraka kwa magunia mabichi. Chokaa ikikaushwa na jua haraka inapasuka, kwa hiyo kwa siku 10 nilipanda asubuhi na jioni kuyalowesha. Milizamu yote mitatu niliizibua na kuitia wavu. Gharama yote, chokaa, dawa, msumeno, malipo ya mzee, ilifika shilingi 38,500, nyingi kutoka kwa mamangu na mimi. Masika yalipoanza nililala pale usiku wa mvua ya kwanza, chumbani kwa bibi mdogo, macho juu. Hakukuwa na tone.

Nimejiuliza kwa nini tunauita mti ule mkosaji. Mkuyu haukuvunja nyumba yetu. Ulikuja kwa sababu nafasi ilikuwepo, na nafasi ilikuwepo kwa sababu kazi ya kupanda juu ilikuwa siku zote ya mtu mwingine: kwanza ya mtumwa, halafu ya nyanya, halafu ya kila mtu, ambayo ni sawa na kusema ya hakuna. Ukipita Mji wa Kale ukaona majani ya kijani juu ya nyumba nzuri, usidhani nyumba hiyo haina mwenyewe. Mara nyingi ina wenyewe 11.

Nilituma picha mbili kwenye grupu, ya kabla na ya baada. Mikono ya dua ilikuwa mingi. Kisha, baada ya kufikiria usiku mzima na kumuomba bibi mdogo ruhusa, niliandika alichoniambia. Niliandika kwamba binti Abdallah aliishikilia nyumba hii kabla yetu, na nikaomba khitma inayofuata jina lake litajwe pamoja na mengine.

Wawili walitoka kwenye grupu bila neno. Mjomba wa Dubai aliandika kwamba mambo mengine ni ya kuachwa yalivyo. Hakuna aliyemjibu.

Siku ya pili, mama mkubwa alinitumia shilingi 2,000 kwa simu. Hakuandika ni za nini. Nilinunua chokaa, nikairoweka kwenye pipa, kwa ajili ya mwakani.